Kaunta ya Mama Chiriku

Nina hasira za karibu, sikatai. Mke wangu alikuwa akisema mimi na mafuta ya moto ni mtu na ndugu yake: tone moja tu la maji, narusha. Lakini kwa kazi yangu hakuna aliyewahi kunilalamikia. Miaka ishirini na nane nimefunga kaunta za jikoni, zote za jiwe la kutengenezwa, lile ambalo ni unga wa jiwe uliochanganywa na gundi ngumu ukamiminwa kuwa bamba. Watu huliita marumaru. Si marumaru, na anayeliita hivyo mbele yangu namsahihisha hata akiwa ndiye mwenye nyumba. Jiwe hili lina rangi ile ile kutoka juu mpaka chini. Likikwaruzwa unapiga msasa, likiungua unapiga msasa, nalo linarudi laini kama siku lilipofungwa. Ndiyo maneno niliyowaambia wateja wote: hakuna alama isiyofutika. Niliyasema kwa majivuno, na nilitembea na kipande cha msasa kimekunjwa mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotembea na leso.

Mke wangu, Mama Chiriku, alichoka kukiokota kipande hicho kwenye maji ya kufulia. "Fundi," aliniambia siku moja, shati langu linachuruzika mkononi mwake, "ukifa nitakuzika na msasa wako, ukawasugue malaika mabawa." Nikamwambia sawa, ila asisahau ule laini wa namba mia nne. Tulicheka mpaka binti yetu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Sikujua kwamba ni yeye atakayetangulia, na kwamba mimi ndiye nitakayebaki naokota vitu vyake.

Binti ndiye Chiriku. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa darasa la pili nilipoifunga kaunta ya nyumbani kwetu, rangi ya maziwa yenye chembe za kahawia. Niliifunga kwa siku nne, na kwa siku hizo nne mama yake alipikia uani huku akinisifia kwa majirani. Siku ya tano aliingia, akasimama kulia kwa sinki, akatoa kisu na kukata kitunguu moja kwa moja juu ya kaunta yangu mpya. Nusura nizimie.

Nilimtengenezea mbao za kukatia tatu. Ya kwanza ilifunika ndoo, ya pili ilikuwa inazuia mlango usijifunge, ya tatu mpaka leo sijui iliko. "Ubao wa kukatia uko wapi?" niliuliza kila jioni nikiingia. "Umekwenda kazini, kama wewe," alinijibu bila kugeuka.

Alikuwa mashoto. Kisu alikishika mkono wa kushoto, kwa hiyo mahali pale kulia kwa sinki palijaa mistari mingi, yote imelalia upande ambao mistari ya watu wengine hailalii. Nimeingia jikoni za watu wengi sana, na mistari iliyolala vile sijaiona kwingine. Kila mwisho wa mwaka nilileta mashine ya msasa, nikafunga mlango wa jikoni, nikaitoa yote. Yeye alisimama nje, mikono kiunoni. "Haya, umeshanifutia mwaka wangu mzima," alisema nilipofungua. "Sasa nianzie wapi?" Nilidhani ni utani tu.

Mgongo uliponikatalia kunyanyua mabamba, Chiriku aliniletea mashine ndogo ya kuchonga, ya wale wanaojifurahisha nyumbani. Inakaa juu ya meza, si kubwa kuliko dawati la mtoto. Unachora kwenye kompyuta, halafu mota yake ndogo yenye kisu chembamba inakwenda yenyewe, mbele na nyuma, ikichonga ulichochora. Nikasema hicho ni kichezeo. Baada ya wiki mbili nilikuwa sitoki stoo. Nilichonga namba za nyumba, sinia, mabango ya milango, na Mama Chiriku akaipa mashine jina: mke mwenza. "Mke mwenza ameamkaje?" aliniuliza asubuhi. Au nikichelewa mezani: "Kamwambie mwenzangu akupakulie." Nilimpenda sana mwanamke yule. Sikumwambia mara nyingi vya kutosha, na sasa naandika kwa watu ambao hawakumjua.

Kisha ikaja siku ya kikaango. Nilirudi saa saba mchana nikakuta duara la kahawia limeungua juu ya kaunta, mahali pake pale pale, kubwa kama kitako cha kikaango. Damu ilinipanda. "Miaka yote nasema kitu cha moto kisiwekwe hapo! Wewe ni mke wa fundi au mke wa nani?" Niligomba mpaka nikakosa maneno. Yeye alikuwa ametazama dirishani. "Utapiga msasa," alisema. Basi.

Jioni ndipo akaniambia. Hospitali walimpigia simu wakati anakaanga, wakamwambia majibu yake yametoka na aje na mtu wa karibu. Mkono ulimwishia nguvu, akakitua kikaango pale ulipoangukia. Nilimwomba radhi huku nalia. Akanifuta uso kwa kiganja chake, akasema kama nisingegomba angedhani na mimi naumwa.

Mwaka ulipokwisha nilisimama mlangoni na mashine yangu ya msasa kwa mazoea. Alikuwa amekaa kwenye kiti, blanketi mabegani. "Mwaka huu niachie," alisema. Nikamwachia. Mwezi wa nne tukamzika.

Niliishi na lile duara miezi saba. Kila nilipokwenda kuchota maji ya kunywa lilikuwa pale, na kila nilipoliona nilisikia sauti yangu mwenyewe inagomba. Nikaanza kunywa maji ya bomba la uani.

Mwezi wa kumi na moja Chiriku alikuja kuaga. Amepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitano, ndege Jumamosi inayofuata. Jumapili hiyo aliyokuja tulikula kimya, jambo ambalo kwa Chiriku ni ajabu, kisha akaenda kusimama kulia kwa sinki na kuweka kiganja juu ya kaunta.

"Baba, nataka kitu kimoja tu."

"Sema, mama."

"Nikatie hapa. Hapa alipokuwa anasimama. Kipande cha kiasi hiki, kiingie kwenye begi la mkononi."

Sijui kama nitaweza kueleza furaha niliyoipata. Tangu mazishi nilikuwa mtu wa kupewa pole na kuletewa chakula, na sasa mwanangu anataka kitu ambacho mimi ndiye wa kukifanya. Nikamwambia nitakikata na kaunta nitaiziba, nina bamba la rangi ile ile nyuma ya mlango wa stoo, hutaona hata kiungo.

"Usijisumbue, baba. Kikate tu kama kilivyo."

Wateja wote husema usijisumbue. Ni adabu. Fundi anayejua kazi hawasikilizi, anajisumbua, na wao wanakuja kumshukuru. Hivyo ndivyo nilivyomwelewa mwanangu wa kumzaa.

Jumatatu nilikitoa kipande kwa msumeno wa mkono, nikiacha kingo pana, nikakipeleka stoo. Nikiwa njiani nikaona kile kikaratasi kwenye mlango wa friji. Kilikuwa kimebanwa hapo tangu Chiriku akiwa sekondari, akirudi shule na kumkuta mama yake hayupo. Mwandiko ule wa mama yake wa kulala nyuma: *Kula kwanza. Mengine baadaye.* Nikasimama. Nikasema moyoni, hiki ndicho. Nitamchongea mwandiko wa mama yake juu ya jiwe la mama yake, na huko aendako kila asubuhi aambiwe ale kwanza. Sikumwambia. Nilitaka nimshtue.

Nilipiga picha kikaratasi, nikakifuata mstari kwa mstari kwenye kompyuta, miwani ikinishuka puani. Jumanne nilijaribu kwenye kipande cha bure, na mke mwenza akanionyesha jeuri. Mbao ameizoea, jiwe hili hapana. Mota ilizunguka kwa kasi mno huku kisu kikijivuta, jiwe likapata joto, na badala ya kukatika likayeyuka. Unga ukawa kinamo kinachonata, ukakizonga kisu, stoo nzima ikanuka plastiki iliyoungua. Nikatukana, nikavunja visu viwili. Mchana nikajua dawa yake: mota punguza kasi, mwendo ongeza, na kisu kiwe chenye ukali upande mmoja tu. Vipande vikaanza kudondoka vikavu, kama chumvi ya mawe. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nilijikuta napiga mluzi.

Jumatano niliweka kipande chenyewe. Nikakibana pembe nne, nikaanza na herufi ya K. Hiyo ilishika vizuri. Lakini katikati ya mstari kisu kilipita juu ya jiwe kikielea hewani, kikaja kugusa tena karibu na mwisho. Nikaweka rula juu ya kipande nikachungulia mwanga. Katikati palikuwa na bonde. Ni dogo, karibu milimita moja, lakini lipo. Kwa miaka yote ile ya kisu chake na msasa wangu, pale aliposimama jiwe lilikuwa limebonyea, na mashine ndogo kama ile haijui bonde, inadhani dunia yote ni tambarare.

Fundi yeyote angekwambia la kufanya. Unaweka kisu kipana, unaiagiza mashine ipite uso mzima, mstari baada ya mstari, ikishusha kidogo kidogo mpaka bonde liishe. Ndivyo nilivyofanya. Ilichukua karibu saa tatu. Nilikaa kwenye stuli nikitazama, mashine ya kunyonya vumbi inanguruma pembeni, na ile mistari iliyolala upande wake ikaondoka safu kwa safu. Kisu kikafika kwenye duara. Kikalila kutoka ukingoni, likawa nusu, likawa mwezi mwembamba, likawa doa la chai, likaisha.

Nikisema yalikuwa mazoea ya kazi tu, nitakuwa nasema nusu ya ukweli. Duara lile lilipokwisha nilivuta pumzi kutoka chini kabisa ya tumbo. Nilifurahi. Nilikuwa nimengoja mtu anipe sababu ya kulitoa, na binti yangu alinipa.

Alhamisi nilichonga. *Kula kwanza. Mengine baadaye.* Herufi zikatoka na zile kona zake, hata mkia wa Y aliokuwa akiuvuta kama anafunga kamba. Kisha mashine ikakata mzunguko wa nje, mara kumi na mbili, kila mara ikishuka kidogo, kwa sababu nguvu zake ni za kichezeo. Nikazilainisha kingo zake, nikapiga msasa wa mia na ishirini, wa mia mbili na arobaini, na mwisho wa mia nne, ule wa mfukoni. Sijawahi kutoa kazi nzuri kuliko ile.

Chiriku alikuja Ijumaa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekiweka mezani, nimekifunika kwa kitambaa. "Funua," nikamwambia, nikasimama nyuma yake kama mtoto aliyechora picha.

Alifunua. Akasoma. Mabega yake yakashuka, akapitisha kidole ndani ya herufi, taratibu, mpaka mwisho wa neno la mwisho. "Mwandiko wake," alisema. Nilikuwa tayari nimeanza kulia kwa raha. Kisha kiganja chake kikatoka kwenye herufi, kikaenda pembeni, kikapapasa huku na huku kama mtu anayetafuta miwani gizani. Akakigeuza kipande. Akakigeuza tena.

"Baba, alama ziko wapi?"

"Alama gani?" niliuliza, na tayari nilikuwa najua.

"Za mama. Za kisu."

"Nimezitoa. Nimekirudisha kama kipya."

"Na duara?"

"Limetoka lote. Hebu tazama kwenye mwanga, huwezi hata kujua lilikuwa wapi." Mdomo wangu uliendelea kusema maneno ya wateja. Sikuweza kuuzuia.

Alikaa chini, sakafuni, mgongo umeegemea kabati. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo ambayo siijui. "Ile mistari mirefu ya katikati ni ya kabla hajaumwa. Ile ya chini ni ya baada ya simu. Na ile mifupi ya ukingoni, baba, ile ambayo haikushika vizuri, ni ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimesimama naye. Nilimwambia mama niachie nikate mimi, akakataa. Mimi namshikia kitunguu, yeye anakata, anapumzika, anakata. Nilikuwa naiona inavyozidi kuwa myepesi." Akafuta pua kwa mkono. "Za miaka yote ulishazitoa. Zilikuwa zimebaki hizo tu."

Sikuwahi kuiona mifupi ya ukingoni. Nimetazama kaunta maisha yangu yote, na mistari ya mwisho ya mke wangu sikuitazama.

"Bonde," nilisema. "Mashine isingeweza kuchonga. Palikuwa na bonde."

"Kwa nini hukuchonga upande wa chini?"

Upande wa chini wa kaunta hauonekani. Hatuuhesabu. Tunaupaka gundi, tunaulaza juu ya kabati, tunausahau. Ulikuwa tambarare, mzima, hauna kitu, na haukunijia akilini hata mara moja kwa siku nne.

"Umemfuta, baba," alisema.

Afadhali angenipiga. Nilikaa sakafuni karibu naye, magoti yakilia, nikamwambia nisamehe mwanangu, nikarudia, nikarudia. Baada ya muda aliinuka, akanisaidia na mimi kuinuka, akanikumbatia. "Ni kazi nzuri sana," alisema juu ya bega langu. Naijua sauti ile. Ndiyo sauti ya wateja ambao hawakuiti tena.

Jumamosi nilimbebea begi mpaka kwenye gari. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia nile vizuri, nisilale stoo, nimpigie. Nilimwitikia yote. Gari lilipokata kona nikarudi ndani, na pale kulia kwa sinki, juu ya ubao niliozibia tundu kwa muda, kile kipande kilikuwa kimekaa, kimefungwa vizuri ndani ya kitambaa changu. Hakukisahau. Chiriku hasahau kitu.

Nilikwenda stoo nikafungua mfuko wa mashine ya kunyonya vumbi. Ulijaa unga mweupe, laini, umechanganyika na wa wiki nzima na wa vipande vya majaribio. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Huwezi kujua ni upi.

Nikarudi jikoni. Nikakifungua kipande, nikakiweka mahali pake, nikachukua kisu chake kwenye droo na kitunguu kwenye kikapu. Nikakata. Kisu kilipita kwenye kitunguu kikagusa jiwe, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa mimi niliyekishika, na mwili wote ukanisisimka kama nimempiga mtu. Nikasogeza kitunguu nikatazama. Mstari wangu ulilalia upande wa watu wote.

Nikahamishia kisu mkono wa kushoto. Vidole vilikishika kama kitu cha kuazima. Nikakata, nikapumzika, nikakata. Macho yalikuwa yananiwasha, na si kitunguu peke yake. Mistari ilitoka mifupi, inayoyumba, mingine haikushika kabisa. Nilikata mpaka kitunguu kikaisha, kisha nikaendelea kukata bila kitunguu, chini ya yale maneno yake, nikitafuta ule ulalo. Hakuna hata mmoja uliolala kama wake. Niliinama nikaitazama yote kwa karibu, na kwa sauti, jikoni peke yangu, nikasema, "Mama Chiriku, nisamehe."

Nilipojiangalia, mkono wa kulia ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa shati na kutoa msasa.